Bunduki Kongwe, Vita Vipya

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake la Kijerumani la Afrika Mashariki mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, kaskazini mwa Zambia. Orodha ya silaha zilizokabidhiwa siku hiyo ni fupi: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, bunduki 1,071 na risasi 208,000. Katika bombomu hizo, za Kijerumani zilikuwa saba tu; nyingine 30 zilikuwa za Kiingereza. Na katika bunduki zote 1,071 haikuwamo hata moja iliyotoka Ujerumani. Zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kaisari lilimaliza vita likiwa limeshika silaha za adui zake.

Askari wengi wa jeshi hilo walikuwa wameingia vitani mwaka 1914 na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya milimita 11 iliyobeba risasi moja moja na kutumia baruti nyeusi. Kila ilipolia ilitoa wingu la moshi lililokaa hewani na kumwonyesha adui mahali hasa alipo mpigaji. Ujerumani yenyewe ilikuwa imekwisha kuiacha kwa majeshi yake ya mstari wa mbele. Makoloni ndiyo yaliyopewa masalia. Ndiyo maana ushindi wa Tanga, mapema Novemba 1914, ulikuwa na uzito mara mbili. Kwa hesabu aliyoitoa Lettow-Vorbeck mwenyewe, Waingereza na Wahindi waliokimbilia merikebuni waliacha bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Novemba 1917, alivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, akapata bunduki na risasi za kuendeleza vita kwa mwaka mwingine mzima.

Naianza habari hii hapa kwa sababu tumezoea kuitazama bunduki ya kale iliyotekwa kama kioja. Magazeti hupiga picha ya bastola ya dhahabu ya dikteta aliyeanguka, au ya bunduki ya enzi ya Malkia Victoria iliyokutwa katika pango la Afghanistan, msomaji hushangaa, kisha ukurasa hufunuliwa. Orodha ya Abercorn yatufundisha kuisoma ngawira kwa makini zaidi. Ukiitazama bunduki baada ya bunduki, unaona njia za bahari zilizofungwa na manowari za Kiingereza, meli za msaada zilizofika mara mbili tu, na jeshi lililojilisha kutoka mikononi mwa wengine. Silaha iliyo mahali isipostahili kuwapo ni hati. Inasema nani aliuza, nani alizuiwa kununua, nani alishindwa, na lini.

Tuanze na swali la kwa nini bunduki za kale hazifi. Jibu la haraka ni kwamba chuma hudumu, na hilo ni kweli kwa kiasi chake. Mtutu uliopakwa mafuta na kuwekwa mbali na unyevu waweza kupita miaka 100 ukiwa bado sahihi. Lakini maghala ya dunia yamejaa mitutu mizima isiyopigana tena, kwa kuwa hakuna anayetengeneza chakula chake. Kinachoamua umri wa bunduki ni risasi. Mosin-Nagant ya Urusi ilianza mwaka 1891, na risasi yake, milimita 7.62 yenye ukingo kitakoni, bado inatoka viwandani leo kwa sababu bombomu na bunduki za wadunguaji za majeshi ya asili ya Kisovieti zinaitumia. Hivyo mwaka 2022, watu wa Donetsk waliokusanywa na kupelekwa vitani upande wa Urusi walipewa Mosin, na Waukraine waliozikamata wakazionyesha kwa mshangao. Upande wa Ukraine nako, bombomu ya Maxim ya mwaka 1910 imerudi mahandakini. Ni nzito, inapozwa kwa maji, ina magurudumu kama mkokoteni. Lakini maghala ya Kisovieti yaliacha maelfu yake, na askari aliye kwenye ngome isiyohama hahitaji kuibeba. Ule upozaji wa maji unaiwezesha kufyatua mfululizo kwa muda ambao bombomu nyingi nyepesi za leo mitutu yake ingekwisha kuiva. Wengine wameziunganisha mbili au nne pamoja kuwindia droni.

Kisa cha Syria ni cha ajabu zaidi, na kanuni ni ile ile. Agosti 2012, wapiganaji wa kundi la Liwa al-Tawhid huko Aleppo walijirekodi katika ghala walilolivamia, mbele ya marundo ya StG 44, bunduki ya Wajerumani wa Hitler iliyo mama wa bunduki zote za shambulio za leo. Walidai kupata zipatazo 5,000. Zilifika vipi? Baada ya mwaka 1945 Chekoslovakia na Ujerumani Mashariki zilibaki na silaha nyingi za Wehrmacht zilizotekwa au kuachwa, na zilipohamia kwenye silaha za Kisovieti, hizo za zamani zikapelekwa kwa marafiki wapya wa Mashariki ya Kati. Syria ikazitumia, ikazichoka, ikazifungia ghalani kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo ngawira ile ya Aleppo ilikuwa imetekwa mara mbili: mara ya kwanza na Jeshi Jekundu na washirika wake, mara ya pili na vijana ambao babu zao ndio waliokuwa hai ilipotengenezwa. Na iliweza kufyatua kwa sababu Yugoslavia iliendelea kutengeneza risasi yake fupi ya milimita 7.92, na kiwanda cha Prvi Partizan cha Serbia kinaitoa hadi leo.

Bunduki kongwe, basi, haiji vitani kwa bahati. Lakini risasi peke yake haielezi kila kitu, hasa kwetu Afrika. Hapa kuna sababu nyingine ambayo wanaoandika juu ya silaha za kale huipita upesi mno, nami nataka kukaa nayo kidogo.

Katika miaka ya 1880, Zanzibar ilikuwa mlango mkubwa wa silaha kuingia bara. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya yaliyobadilisha silaha: za gumegume, za fataki, na polepole zile za kisasa zinazojazwa risasi nyuma. Hilo la mwisho ndilo lililowatia hofu wakoloni. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, tunaoukumbuka zaidi kwa kupiga vita biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani gobore.

Tafakari maana yake. Miaka 15 baadaye, wapiganaji wa Majimaji walipotoka kuikabili bombomu ya Kijerumani na mikuki, mishale na magobore, hawakuwa na magobore kwa kuwa hawakujua kitu kingine. Walikuwa nayo kwa kuwa mataifa yalikaa mezani Brussels na kuamua ndiyo silaha watakayokuwa nayo. Wajerumani walipoyateka kwa maelfu na kuyaripoti Berlin, yalihesabiwa kama thibitisho la kurudi nyuma kwa watu hao. Ngawira ilisomwa kinyume kabisa cha inavyosema. Mkwawa wa Wahehe alikuwa ameonyesha mapema kwamba jambo halikuwa la ujuzi: tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo alikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski na kujipatia bunduki za kisasa zipatazo 300 na mizinga mitatu. Kwa walionyimwa soko, njia kuu ya kupata silaha ya zama zao ilikuwa kuiteka.

Ethiopia, iliyokuwa na mfalme aliyetambuliwa na bandari za jirani za kununulia, haikubanwa vile. Hata hivyo bunduki za Vetterli walizoziteka kwa Waitaliano pale Adwa mwaka 1896 zilikaa mikononi mwa watu kwa vizazi, na Waitaliano waliporudi mwaka 1935 walikutana na silaha zao za kale zikiwaelekea.

Hakuna nchi iliyozipa umaarufu bunduki za aina hii kuliko Afghanistan. Waingereza waliopigwa Maiwand tarehe 27 Julai 1880 waliacha Martini-Henry nyingi uwanjani. Baadaye Amiri Abdur Rahman alijenga kiwanda Kabul, kikazitengeneza pia huko huko. Miaka 130 baada ya Maiwand, wanamaji wa Marekani walizikuta Martini-Henry katika maficho ya Taliban huko Marjah, mkoani Helmand. Nyingine ilipatikana Paktika mwaka 2011. Hizi zilikuwa chache na risasi zake ni taabu kupata. Lee-Enfield ndiyo iliyokuwa tishio la kweli. Mwandishi wa New York Times, C. J. Chivers, aliyekuwa mwanamaji kabla ya kuwa mwandishi, alizichunguza silaha zilizotekwa Marjah mwaka 2010 na kueleza kwa kina jinsi Lee-Enfield za vita kuu mbili zilivyokuwa bado kazini kando ya Kalashnikov.

Sababu ilikuwa ardhi. Katika mabonde mapana ya nchi ile watu hupigana kwa mbali. Utafiti wa Meja Thomas Ehrhart wa jeshi la Marekani, wa mwaka 2009, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mapambano huko yalikuwa kwa umbali unaozidi mita 300, umbali ambao bunduki fupi ya M4 na risasi yake ndogo hupoteza nguvu. Lee-Enfield yenye mtutu mrefu na risasi nzito ya .303 hapo ndipo inapopendeza. Mkulima aliyerithi bunduki ya babu yake, akakaa ng'ambo ya shamba mita 500 akafyatua mara mbili na kutoweka, hakuwa nyuma ya wakati. Alikuwa amechagua chombo kinachoifaa kazi.

Hapo hapo Afghanistan ndipo tunapoona jinsi tamaa ya kumbukumbu inavyovuruga ushahidi. Amri Kuu Namba 1 ya majeshi ya Marekani ilimkataza askari kuchukua silaha iliyotekwa kuwa yake. Lakini sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, na askari aliruhusiwa kuinunua na kuipeleka nyumbani akiwa na karatasi zake. Wachuuzi wa masoko ya kambini walielewa haraka. Upande wa pili wa mpaka, huko Darra Adam Khel nchini Pakistan, mafundi wamekuwa wakinakili bunduki za Kiingereza kwa tupa na nyundo tangu karne ya 19. Sasa zikaanza kumiminika Martini zenye mhuri wa Malkia na mwaka unaofaa kisheria. Mara nyingi mhuri huo humsaliti fundi: herufi N imegeuzwa, jina Enfield limekosewa, au ile alama ya Malkia Victoria imegongwa juu ya bunduki yenye tarehe ya miaka kadhaa baada ya kifo chake mwaka 1901. Maelfu ya familia za Marekani leo zina ukutani "bunduki ya Maiwand" ambayo haikufika Maiwand kamwe. Mimi sizidharau kazi hizo za mikono, kwani ustadi wake ni wa kuheshimiwa. Hasara iko kwingine: hizi za bandia zimechanganyika na zile za kweli, na njia ya zile za kweli imefutika.

Sheria ya vita ilikwisha kuliona tatizo hili zamani, ingawa kwa sababu zake. Kanuni za Lieber zilizotolewa Marekani mwaka 1863 zilisema kwamba ngawira yote ni mali ya serikali ya aliyeteka, si ya askari. Nidhamu ndiyo iliyolengwa, maana askari anayewaza kumbukumbu huacha kupigana. Katika Vita Kuu ya Pili msimamo ulilegea na Wamarekani waliruhusiwa kurudi na bunduki kwa cheti cha mkuu wao. Arisaka nyingi za Kijapani zilizosalimishwa zilikuwa zimesuguliwa juu ya chemba, mahali palipokuwa na ua la krisanthemamu, nembo ya Mfalme, ili lisishikwe na mikono ya mshindi. Msuguo huo ni taarifa. Bunduki yenye ua zima mara nyingi ilichukuliwa vitani, na iliyosuguliwa ilikabidhiwa baada ya kusalimu amri. Mtunza makumbusho mwenye macho huitambua tofauti hiyo kabla ya kusoma karatasi yoyote.

Bastola za watawala ziko katika daraja lake. Saddam Hussein alipotolewa shimoni huko ad-Dawr, Desemba 2003, alikuwa na Glock 18C. Ilipelekwa kwa Rais George W. Bush, ikahifadhiwa Ikulu, na baadaye ikawekwa katika maktaba yake huko Dallas. Muammar Gaddafi alipouawa Sirte tarehe 20 Oktoba 2011, picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya kijana akiinua bastola ya Browning iliyopakwa dhahabu. Vitu hivi huvuta macho, na hueleza machache. Dhahabu inatuambia kile tulichokwisha kukijua juu ya mwenyewe. Ningeitoa bastola ile ya Sirte kwa Kalashnikov moja chakavu ya ghala la Libya, yenye namba zake zote, iliyokamatwa baadaye kaskazini mwa Mali, kwa kuwa hiyo ndiyo ingetuonyesha maghala yale yalimwagikia wapi.

Kazi ya namna hiyo inawezekana, na imefanyika. Shirika la Conflict Armament Research liliwapeleka wachunguzi Iraq na Syria, nyuma tu ya mstari wa mbele, wakawa wanaandika kila silaha iliyotekwa kutoka kwa kundi la Dola ya Kiislamu kabla haijagawanywa au kuchukuliwa kumbukumbu. Ripoti yao ya Desemba 2017 ilihusu vitu zaidi ya 40,000. Walipata kombora la kupigia vifaru lililotoka kiwandani Bulgaria, likauzwa kwa jeshi la Marekani, na siku 59 baadaye likawa mikononi mwa wapiganaji wa kundi hilo nchini Iraq. Kilichowezesha yote ni namba zilizogongwa, picha, mahali na tarehe. Kama askari mmoja angelichukua akalitundika kwao, njia hiyo isingejulikana.

Afrika Mashariki tumekuwa wakarimu wa kuharibu na wazito wa kuandika. Novemba 2016 Kenya iliteketeza bunduki 5,250 huko Ngong kwa moto mmoja, mbele ya kamera. Sipingi moto ule. Bunduki inayorudi mtaani inaua. Lakini rundo la namna hiyo, lililokusanywa kwa wezi wa mifugo na majambazi kwa miaka, ni maktaba nzima ya biashara ya silaha ya ukanda wetu, na kila moja ilistahili kupigwa picha mihuri yake na kuandikiwa mahali ilipokamatwa kabla ya kumwagiwa mafuta, kisha taarifa hizo zipatikane kwa watafiti. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu ziweke alama na kumbukumbu za silaha. Kuandika kabla ya kuchoma ni sehemu ya wajibu huo, na gharama yake ni ndogo kuliko ile ya hafla.

Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ndipo panaponionyesha wazi zaidi tunachokipoteza. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa iliyofuata, wafanyabiashara wa pembe, Waswahili kutoka pwani na Waethiopia kutoka kaskazini, walizipeleka huko bunduki za kwanza. Ukoloni ukazikusanya. Miaka ya 1970, wakati majirani wao upande wa Kenya na Sudan walikuwa na silaha nao hawana, Wakaramoja walianza kujiundia zao kwa mabomba ya chuma, wakaziita amatida. Kisha Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yakaiteka Kampala, askari wa Idi Amin wakaikimbia kambi ya Moroto, na Wamatheniko, tawi mojawapo la Wakaramoja, wakaingia ghalani na kuondoka na maelfu ya bunduki za kisasa. Mizani ya eneo zima, hadi Turkana na Pokoti, ilibadilika kwa siku chache. Huwezi kuielewa miaka 40 ya uvamizi wa mifugo iliyofuata bila kulijua ghala lile lilikuwa na nini.

Amatida nazo zikatupwa. Hatima hiyo imezikuta karibu bunduki zote za kuundwa kienyeji, isipokuwa zile za Mau Mau zilizopelekwa Uingereza na maofisa waliozikamata, na ambazo leo zimo katika mikusanyo ya London, ikiwemo ya National Army Museum. Mtutu ni bomba la maji, komeo ni la mlango, na nguvu ya kusukuma pini inatoka kwenye vipande vya mpira. Ziliweza kumjeruhi mpigaji kama adui. Risasi zilikuwa za serikali yenyewe, zilizoibwa au kupenyezwa moja moja kutoka kambini na majumbani. Zinastahili kurudi Nairobi na Nyeri, zikiwa na maelezo ya msitu zilikokamatwa na namna zilivyoundwa, wakati bado wapo wazee walioziona zikitumika. Martini-Henry iliyopotea ina jalada kiwandani, ina vitabu vya kikosi, ina mihuri. Bunduki ya fundi wa Mau Mau wa msitu wa Aberdare haina namba, wala hapakuwa na kiwanda cha kuiandika, na kila inapoyeyushwa moja hakuna rekodi nyingine yoyote ya kazi ya mtu yule.